Figo niliyompa kaka yangu: hizi dawa za kushusha kinga zinazifanya nini seli nyeupe?

BintiWaUjiji

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, Ujiji. Mwishoni mwa mwaka jana nilimtolea kaka yangu figo, ya kushoto. Upasuaji ulifanyika Dodoma. Namshukuru Mungu, mimi mshono umepona na kaka amerudi Kibirizi kwenye biashara yake ya dagaa na migebuka.

Alipotoka hospitali aliandikiwa takrolimasi asubuhi na jioni, mikofenoleti asubuhi na jioni, prednisoloni asubuhi, na Septrin. Tukaambiwa zile tatu za kwanza ni za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, na atameza maisha yake yote. Mimi nikaelewa kwamba zinaua seli nyeupe.

Sasa juzi kapima picha kamili ya damu hapa mjini. Seli nyeupe zimeandikwa 9.8, na pembeni imewekwa kawaida ni 4 mpaka 11. Nyumbani hapakaliki. Baba mdogo anasema seli ziko tele, kwa hiyo ama dawa hazifanyi kazi ama hazihitajiki tena, na bei yake mnaijua. Shangazi kaja kutoka Kasulu na msimamo wa kinyume: kinga imeshushwa, maradhi yatamwingia, kwa hiyo kaleta chupa ya mizizi iliyochemshwa na pakiti ya unga wa mlonge wa kuongeza kinga. Wote wanampenda, na wote wanaongea kwa sauti kubwa. Kaka yuko katikati, anamwangalia kila anayeongea.

Naomba mtu anayejua anieleze kwa kina, si kwa juujuu. Dawa hizi zinazifanya nini seli hasa? Na kama figo ni ya dada yake wa baba mmoja mama mmoja, kwa nini mwili uione ngeni? Ile figo bado naihesabu kuwa yangu, nataka nijue inalindwaje.

KatubukaKwetu

Pole na hongera sana dada, hilo ni jambo kubwa ulilomfanyia ndugu yako. Kuhusu mlonge, mama yangu anautumia kwa presha na hajapata shida. Nadhani akitumia vyote viwili, dawa za hospitali asubuhi na mlonge mchana, si vibaya. Ngoja waje wataalamu.

Maabara_Isevya

Dada yangu, salamu kutoka Tabora. Ni mtu wa maabara, na figo inayonifanyia kazi mwilini nilipewa na mdogo wangu. Mashine inayohesabu hizo seli naiendesha mwenyewe, na vidonge anavyomeza kaka yako ndivyo ninavyomeza. Nitaandika kirefu kwa sababu umeomba kina, na kwa sababu nyumba nyingi zimepoteza figo kwa ugomvi wa namna hiyohiyo wa baba mdogo na shangazi.

Nianze na ile 9.8. Mashine inahesabu seli, basi. Haikwambii seli hiyo inafanya kazi gani wala kama imeamka. Ukisimama Kibirizi mchana ukahesabu mitumbwi iliyo ufukweni, hujajua mingapi itaingia ziwani usiku. Na hiyo 9.8 ni jumla ya aina kadhaa. Chukua ile karatasi uangalie mistari ya chini yake: kuna nyutrofili, limfositi, monositi na nyinginezo. Mtu anayemeza prednisoloni nyutrofili zake hupanda, kwa sababu nyingi kwa kawaida huwa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa ya damu, na prednisoloni huziachisha zikaanza kuelea. Zikielea, sindano inazichota. Wakati huohuo limfositi hushuka. Kwa hiyo jumla inaweza kusomeka vizuri kabisa huku zile zinazoihusu figo zimetulizwa. Baba mdogo hajakosea kusoma namba, ila namba yenyewe haijibu swali lake.

Zinazoihusu figo zaidi ya zote ni limfositi aina ya seli T. Karibu kila seli mwilini mwako imebeba juu yake protini ziitwazo HLA. Jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6, na kila mtu anarithi fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana mafungu yote mawili, nafasi mbili kati ya nne ya kulingana nusu, na moja kati ya nne ya kutolingana kabisa. Muulize daktari wenu ninyi mlilingana kiasi gani, iko kwenye faili. Lakini hata mngelingana mafungu yote, zipo protini nyingine ndogondogo mnazotofautiana, na seli T huziona.

Ni mapacha wa kufanana tu wanaoepuka hilo. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliodumu, uliofanywa na Joseph Murray na wenzake huko Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha, Ronald Herrick akimpa Richard. Hapakuwa na dawa za kushusha kinga na hazikuhitajika. Richard aliishi miaka minane zaidi. Sisi wengine ambao hatukuzaliwa pacha ilibidi tusubiri dawa.

Kinachotisha kuhusu figo ya mtu mwingine ni wingi wa seli zinazoikasirikia. Kirusi kipya kikiingia mwilini, seli T zinazokitambua ni chache mno, moja katika laki au hata katika milioni. HLA ya mtu mwingine inaweza kuitikiwa na seli T moja mpaka kumi katika kila 100. Ndiyo maana bila dawa figo haichukui muda mrefu kuharibiwa, na ndiyo maana dozi za mwanzo zilikuwa kubwa kuliko za sasa.

Seli T ikikutana na HLA ngeni haifanyi lolote mpaka mambo matatu yatimie. Kipokezi chake kiguse hiyo HLA. Kisha ipate uthibitisho wa pili kutoka kwa seli inayoionyesha, kwa protini nyingine zinazogusana pembeni. Kisha ipate intalukini-2, kemikali ambayo seli T huitengeneza, huitoa nje, halafu huipokea tena, na ndiyo inayoiambia igawanyike. Hapo seli moja inakuwa maelfu ndani ya siku chache, na maelfu hayo ndiyo yanayoingia kwenye figo.

Takrolimasi inakata kati ya jambo la kwanza na la tatu. Kipokezi kikiguswa, kalsiamu hujaa ndani ya seli. Kalsiamu inaamsha kimeng'enya kinachoitwa kalisineurini. Kimeng'enya hicho kina kazi ya kubandua fosfeti kwenye protini iitwayo NFAT, na NFAT ikishabanduliwa huingia ndani ya kiini cha seli na kuwasha jeni ya intalukini-2. Sasa takrolimasi ikiingia kwenye seli hushikana na protini ndogo, FKBP12, na viwili hivyo kwa pamoja huikalia kalisineurini isiweze kubandua kitu. NFAT inabaki nje ya kiini. Intalukini-2 haitengenezwi. Seli T imeigusa figo yako, imejua kwamba ni ngeni, na imebaki palepale bila kugawanyika. Iko hai, inazunguka kwenye damu, na mashine yangu inaihesabu kama kawaida. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na natamani kila familia ingeelezwa hivyo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Mikofenoleti inakamata zile zilizoponyoka. Seli ikitaka kugawanyika lazima inakili DNA yake, na kwa hilo inahitaji guanini. Seli nyingi za mwili zinaweza kuokota guanini iliyokwisha tumika na kuirudisha kazini. Limfositi, za T na za B, zinategemea zaidi kuitengeneza upya, na mikofenoleti inafunga kimeng'enya cha kazi hiyo. Kwa hiyo hata ikiamriwa kugawanyika, haina vifaa. Hii dawa yenyewe inaweza kweli kushusha hesabu ya seli nyeupe, na hapo ndipo picha kamili ya damu ina maana yake: daktari anaiangalia aone kama uboho wa mifupa unaelemewa, haiangalii ili kujua kama figo inalindwa. Prednisoloni inaingia moja kwa moja kwenye kiini cha seli za aina nyingi na kuzima jeni kadhaa za uvimbe kwa pamoja. Ni dawa yenye mkono mpana, ndiyo maana huleta sukari, njaa na uso wa duara, na ndiyo maana hupunguzwa polepole mpaka kidogo.

Huenda pia kwenye faili kuna sindano iitwayo basiliksimabu, siku ya upasuaji na siku ya nne. Hiyo inaziba kipokezi cha intalukini-2 juu ya seli T katika wiki za mwanzo ambazo hatari ni kubwa.

Kwa nini zote tatu, isiwe moja kwa dozi kubwa? Kwa sababu takrolimasi nyingi inaiumiza figo ileile tunayoilinda, inabana mishipa midogo inayoipelekea damu. Inatetemesha mikono pia. Mimi nikimeza saa moja asubuhi, kufika saa tatu nikishika pipeti ncha yake inacheza kwenye mdomo wa chupa, kwa hiyo kazi za vipimo vidogo sana nazifanya alasiri. Zikigawana kazi, kila moja inakaa kwenye kiwango kinachovumilika. Anayeiondoa moja kwa sababu ya bei anaacha mlango mzima wazi.

Na hapa nataka baba mdogo asomewe kwa sauti. Seli T zinazoitambua figo hazitoweki mwilini mwa kaka yako baada ya mwaka, wala baada ya kumi. Nyingine huwa na kumbukumbu. Akiacha vidonge, NFAT inaingia kwenye kiini, na kazi inaanza. Seli T nazo huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili dhidi ya HLA yako wewe uliyetoa, na kingamwili hizo zikishakuwepo ni vigumu sana kuzifuta. Haziumi. Hakuna homa ya lazima, hakuna maumivu ya kiuno ya lazima. Mtu anauza dagaa wake vizuri huku kreatinini, taka ya damu ambayo figo huisafisha, inapanda, na ikija kuonekana kwa miguu kuvimba, sehemu ya figo imeshakwenda. Mtu kujisikia mzima si dalili kwamba figo iko salama.

Sasa shangazi. Simdharau kwa mizizi yake hata kidogo. Takrolimasi ilipatikana mwaka 1984 kwa bakteria wa kwenye udongo wa Tsukuba, Japani. Siklosporini iliyoitangulia ilitoka kwa kuvu wa udongo wa Norwei. Dawa hizi zina asili yake ardhini kama ya shangazi. Tofauti ni kwamba hizi tunajua ziko ngapi kwenye damu ya mgonjwa, kwa sababu tunapima, na ile ya chupa hakuna anayejua.

Kuna hatari mbili. Ya kwanza, kama kweli mzizi unaongeza kinga, basi unaamsha seli zilezile zinazoitambua figo. Hakuna kinga ya mafua peke yake na kinga ya figo peke yake. Seli T ni hizohizo. Ya pili ni kubwa zaidi. Takrolimasi inavunjwavunjwa kwenye utumbo na ini na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Kitu chochote kinachokizuia kimeng'enya hicho kinapandisha dawa kwenye damu, na kinachokichochea kinaishusha. Tunda la balungi linakizuia, ndiyo maana tunakatazwa. Tunda tu! Mmea usiojulikana uliochemshwa ukabaki theluthi unaweza kufanya lolote kati ya hayo mawili, na kaka yako asijue mpaka kreatinini iseme. KatubukaKwetu, nimekuelewa na najua umeandika kwa nia njema, ila mama yako hamezi takrolimasi. Kupishanisha asubuhi na mchana hakusaidii, kwa sababu kimeng'enya kikishachochewa hubaki hivyo kwa siku nyingi.

Mwambie shangazi alichotaka kukilinda kinalindwa kwa njia nyingine: Septrin ile ni ya kuzuia nimonia inayowapata watu wa hali yetu, neti, maji ya kuchemsha, samaki aliyeiva kabisa, mikono safi.

Kipimo cha kumwonyesha baba mdogo, badala ya picha ya damu, ni viwili: kreatinini, na kiwango cha takrolimasi. Cha pili kina utaratibu wake. Damu inachukuliwa saa 12 baada ya dozi ya jioni na kabla ya dozi ya asubuhi. Kidonge chake cha asubuhi akibebe mfukoni, akimeze akishatolewa damu. Inawekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, maana dawa hii inakaa ndani ya seli nyekundu na hatuitaki damu igande. Nimewaona wengi wanameza nyumbani kwanza kwa mazoea, wanakuja, jibu linatoka juu sana, dozi inapunguzwa bila sababu. Awe mkali kwa hilo hata kama mtoa damu hamuulizi.

Na wewe dada. Umebaki na figo moja. Presha, mkojo na kreatinini kila mwaka, usijisahau kwa kumhangaikia yeye.

Sista_Kasulu

Maabara umeeleza vizuri, Mungu akubariki. Niongeze ya huku wodini, kwa sababu Kigoma ni mkoa wa malaria na kila mtu nyumbani ni daktari wa homa.

Kaka akipata homa asinunue dawa dukani akajitibu. Prednisoloni huificha homa, kwa hiyo joto dogo kwake linaweza kuwa ugonjwa mkubwa. Aende siku hiyohiyo, apimwe malaria na vingine, na neno la kwanza akifika mlangoni liwe "nimepandikizwa figo, natumia takrolimasi". Alibandike hata nyuma ya simu. Nasema hivyo kwa sababu dawa za kawaida kabisa tunazoandika kila siku zinagongana na yake. Erithromaisini na flukonazoli ya fangasi hupandisha takrolimasi. Rifampisini ya TB huishusha vibaya sana. Kwa hiyo akikohoa wiki mbili asianzishiwe dawa za TB na mtu asiyewasiliana na kliniki yake. Atatibiwa, ila kwa mpango. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu asiziguse, zinaiumiza figo. Parasetamoli inatosha.

Lingine ambalo watu hawalitegemei ni kuhara. Akihara, takrolimasi hupanda kwenye damu badala ya kushuka, kwa sababu utumbo uliochubuka unashindwa kuivunja kama kawaida. Na huku amepungukiwa maji. Siku moja ya kuhara kwake ni safari ya hospitali.

KijanaMwanga

Nasoma kidato cha sita, PCB, hapa Kigoma mjini. Shikamoo Maabara. Nina swali: kwa nini seli T za mgonjwa zisizoee tu ile figo? Mwalimu alitufundisha kwamba seli T zinazoshambulia mwili wenyewe huondolewa kwenye thaimasi, tezi ya kifuani zinakokomalia. Haiwezekani kuifundisha thaimasi kwamba figo ya dada nayo ni ya mwili?

Maabara_Isevya

Marahaba kijana, umegusa jambo ambalo watu wamelitafuta tangu enzi za Peter Medawar, aliyepata Nobel mwaka 1960 kwa kuonyesha kwamba panya akiingiziwa seli za panya mwingine kabla hajazaliwa, akikua anapokea ngozi ya yule bila kuikataa. Kwa hiyo kimsingi inawezekana kufundisha. Shida ni kwamba mtu mzima thaimasi yake imeshasinyaa, na seli T zilizokomaa tayari ziko nje zimejaa.

Njia moja iliyofanikiwa kwa watu wachache ni kumpa mgonjwa figo pamoja na uboho wa mtu yuleyule, ili mfumo wake wa kinga uchanganyike na wa mtoaji. Baadhi yao waliacha dawa kabisa. Lakini maandalizi yake ni mazito na yana hatari zake, si jambo la kila hospitali.

Kuna pia seli T za aina ya pekee, za kudhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Watafiti wanazikuza maabara na kuwarudishia wagonjwa. Na hapa kuna ugumu mmoja unaonisumbua sana nikiufikiria: seli hizo za kudhibiti zenyewe zinaishi kwa intalukini-2, ileile ambayo takrolimasi inaizuia isitengenezwe. Dawa inayozuia vita inazinyima chakula na zile ambazo zingeleta amani ya kudumu. Sirolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga inayokata mbele zaidi, baada ya intalukini-2 kupokewa, huzibakiza seli za kudhibiti vizuri zaidi, ila ina madhara yake, kidonda hakifungi haraka na mafuta ya damu hupanda, kwa hiyo si rahisi kusema tubadilishe wote. Ukienda chuo ukalisomea hili nitafurahi sana. Watu wa kulifanyia kazi huku kwetu ni wachache, na tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo Novemba 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2018, wagonjwa wa kuhudumiwa wanaongezeka.

BintiWaUjiji

Nimesoma mara mbili, kisha nikamsomea baba mdogo yote, ile sehemu ya NFAT nikairudia. Akaniuliza, "Kwa hiyo zinaiona?" Nikamwambia zinaiona. Akanyamaza, halafu akaniambia atachangia dawa za mwezi ujao. Shangazi hajafurahi, ila amekubali chupa irudi Kasulu. Mlonge ameuacha, anasema tutautumia sisi wengine.

Yamebaki mawili. Ramadhani inakuja na kaka ananuia kufunga. Na la pili, biashara yake inampeleka Kalemie, upande wa Kongo, anavuka ziwa mara kwa mara, na kadi yake ya njano imepotea. Wanamwambia achome upya homa ya manjano. Achome?

Sista_Kasulu

La pili kwanza, maana ni la haraka. ASICHOME. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwako wewe seli T zinakimaliza na kubaki na kumbukumbu. Kwake seli hizo hazigawanyiki, na kirusi kinaweza kuzaliana mpaka kikaleta ugonjwa wenyewe. Vivyo hivyo surua, BCG na polio ya matone. Zisizo na kitu hai ndani, kama homa ya ini B au pepopunda, anaweza kupewa kwa ushauri wa daktari, ingawa mwili wake hauitikii kwa nguvu kama wa mtu mwingine.

Kwa mpakani, sheria ya afya ya kimataifa inaruhusu daktari kuandika na kugonga muhuri kwamba mtu huyu hawezi kuchanjwa kwa sababu za kiafya. Kuna sehemu yake ndani ya kadi yenyewe ya njano. Aende na kadi mpya kwa daktari wake, ijazwe, apige na picha kwenye simu. Ila ajue karatasi inamvusha mpakani tu, haimkingi na mbu wa Kalemie, na hao wanauma mchana. Ningekuwa dada yake ningemwambia amtume mtu.

Kama ile chanjo ya zamani aliipata kweli kabla ya kupandikizwa, kliniki alikochanjiwa wanaweza kuwa na rejista. Aanzie hapo, huenda akapata nakala bila kuchomwa.

Maabara_Isevya

Naunga mkono kila neno la Sista.

Ramadhani: vidonge vyenyewe si kikwazo kikubwa, kwa kuwa daku na magharibi kwenu zimeachana kama saa 13, na saa 12 ndizo zinazotakiwa. Kikwazo ni maji. Figo moja iliyopandikizwa, kwenye joto la ufukweni, mtu anapindua dagaa juani kutwa bila kunywa, na damu ikipungua maji takrolimasi inaibana zaidi mishipa ya figo. Madaktari wengi hawaruhusu kabisa mwaka wa kwanza, na kaka yako bado yuko ndani ya mwaka huo. Mgonjwa ameruhusiwa kula kwenye Qur'ani yenyewe, sura ya Al-Baqara, na shekhe yeyote wa Ujiji atamthibitishia na kumweleza fidia. Mwakani kreatinini ikiwa imetulia amuulize daktari upya. Kuna takrolimasi ya kutoka polepole inayomezwa mara moja kwa siku, wanaweza kulijadili hilo, lakini asibadilishe aina mwenyewe dukani kwa sababu tu jina linafanana. Dozi hazilingani kidonge kwa kidonge, na kila ikibadilishwa lazima kiwango kipimwe tena.

Akipanda treni kuja kliniki Dodoma, vidonge vikae kwenye begi la mkononi pamoja na vya siku za ziada, maana treni ikichelewa njiani hakuna duka la kuvinunua kati ya Uvinza na hapa Tabora. Akipita hapa na saa ya kupima ikawa imefika, niandikie kwenye ujumbe wa faragha, nitamweleza sampuli inapopokelewa asubuhi.

BintiWaUjiji

Nimekuandikia. Kadi ya njano kaanza kuifuatilia leo, alichanjiwa bandarini kabla hajaumwa, wamesema arudi Alhamisi waangalie rejista.